Kipupwe Kimesingiziwa

Pikapu iliguna mara mbili, ikanyamaza. Nikazungusha ufunguo tena. Ikaguna mara moja, kivivu, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Mara ya tatu hata kuguna haikuguna. Ilisikika "tak" moja chini ya boneti, taa za dashibodi zikafifia, basi.

Ilikuwa saa 12 kasorobo asubuhi, mwezi wa Julai, uani kwa wakwe zangu Mwamanyili, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Umande ulikuwa umetanda kwenye kioo, na upepo wa upande wa ziwa ulipenya sweta langu kana kwamba sikuvaa kitu. Nyuma kwenye bodi kulikuwa na mafurushi ya pamba ya baba mkwe, yamefungwa tangu jana yake jioni ili yawahi mizani kabla foleni haijawa ndefu.

"Ni baridi hiyo," akasema mzee, mikono ndani ya koti. "Gari la zamani na baridi haviivi chungu kimoja."

Nikakubali haraka. Baridi ni mshitakiwa anayetufaa wote wenye magari makuukuu: haina mdomo wa kujitetea, na ikitiwa hatiani yenyewe, mwenye gari anatoka bila doa.

Fundi alifika kwa baiskeli, mfuko wa spana ukining'inia kwenye usukani. "Mwangaluka," akasalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mhola?" "Mhola." Hakufungua boneti. Alilizunguka gari polepole, akachungulia ndani, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Shemeji, hii gari imetokea nchi gani?"

"Japani. Ni Hilux ya mwaka 1996, injini ya 3L."

"Japani kuna theluji?"

"Ipo. Kaskazini inaanguka nyingi sana."

"Kwa hiyo huko iliwaka kwenye theluji, leo imeshindwa na umande wa Busega?"

Sikuwa na la kusema. Makala haya ni jibu nililolipata asubuhi ile nikiwa nimeshika tochi, pamoja na mengine niliyoyafuatilia baadaye.

Nyuzi 15 si kitu kwa chuma

Busega iko kando ya Ghuba ya Speke, kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya Mwanza na Musoma hupita Lamadi, na hapo lami nyingine huchepuka kwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa, umbali wa kama kilometa 70. Kuanzia Juni hadi Agosti ndio msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita kipupwe. Usiku anga huwa jeupe, joto la ardhi hupaa bila wingu la kulizuia, na alfajiri kipimajoto hushuka hadi nyuzi 15 au 17 hivi. Kwa mtu aliyeshinda kwenye nyuzi 28, hiyo ni baridi ya kutafuta sweta. Kwa injini, bado ni hali ya kawaida.

Makete na Njombe, usiku wa kipupwe huweza kushuka chini ya nyuzi 5, na kwenye uwanda wa Kitulo nyasi huamka zikiwa nyeupe kwa sakitu. Magari ya viazi na mbao ya huko huwaka na kwenda sokoni. Katika miji ya Kanada yenye baridi kali, maegesho mengi yamewekewa soketi za umeme ili dereva achomeke kipasha joto cha injini kabla hajaenda kulala. Yakutsk, kule Siberia, baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na wapo madereva wasiozima injini mchana kutwa kwa kuogopa kwamba haitawaka tena.

Oili nayo inasema hivyo hivyo. Kopo la oili linalouzwa kwenye vituo vyetu vingi limeandikwa 20W-50, na W hiyo inahusu majira ya baridi. Ili ipewe daraja la 20W, lazima oili ipimwe na kuonekana inairuhusu injini izunguke kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hizo ni nyuzi 30 chini ya asubuhi ya Mwamanyili. Dizeli pia huweza kuganda nta na kuziba kichujio, lakini hayo ni matatizo ya nchi za theluji. Na betri nzima hupoteza kama theluthi ya nguvu yake ya kuzungusha stata inapofika nyuzi sifuri, na zaidi ya nusu inapofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwenye nyuzi 15 juu ya sifuri inapungukiwa kidogo tu, na betri nzima hata haishtuki.

Hapo ndipo neno "nzima" linapobeba mzigo wote. Betri yangu haikuwa nzima, na aliyeiharibu si baridi. Ni joto.

Betri ya gari ni mabamba ya risasi yaliyozamishwa kwenye tindikali. Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, na kwa msingi wake haijabadilika. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, uozo wa ndani huenda kasi karibu maradufu. Sasa fikiria chumba cha injini ya gari lililoegeshwa juani Lamadi, Septemba, kabla mvua hazijaanza. Maji ya betri hukauka, mabamba huoza, nguvu huondoka mwezi baada ya mwezi. Mwenye gari haoni chochote, kwa sababu joto lile lile linaloiua ndilo linaloificha: betri yenye joto hutoa umeme kwa urahisi, na injini yenye joto huzunguka kwa wepesi. Kifo hutokea Oktoba, msiba ukatangazwa Julai. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa gari kuukuu, anayeumbua ni kipupwe.

Sikiliza kabla ya kushika spana

"Washa tena," fundi aliniambia, akiinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Kosa letu wengi ni kuanza kufungua vitu. Gari lisilowaka lina sauti zake, na kila sauti inakupeleka mahali pake.

Likiwa kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazionekani, betri imekwisha au kichwa chake kimeachia. Likitoa "tk-tk-tk-tk" ya haraka, umeme upo lakini hautoshi: betri dhaifu, au njia ya umeme imebanwa na kutu. Likitoa "tak" moja nzito huku taa zikibaki kuwaka vizuri, itazame stata. Stata nyingi za Toyota za miaka hiyo zina vipande viwili vya shaba ndani ya swichi yake. Vikilika, umeme haupiti, na fundi anayejua hubadilisha shaba tu bila kukununulisha stata nzima. Kaboni za stata nazo hulika, na dalili yake ni stata inayoshika ukiigonga kidogo kwa mpini wa nyundo.

Stata ikizunguka kivivu, rudi kwenye betri na nyaya. Na stata ikizunguka kwa nguvu zote lakini injini haishiki, usiisumbue betri tena. Hapo shida ni mafuta, au moto, au joto la kuyachomea hayo mafuta.

Kipimo cha maskini ni taa kubwa. Ziwashe, mwambie mtu asimame mbele, kisha zungusha ufunguo. Zikizimika kabisa, betri au vichwa vyake vina tatizo. Zikibaki angavu na stata isizunguke, umeme haufiki kwenye stata au stata yenyewe imekufa. Langu lilitoa "tak" lakini taa zikafifia na kuwa nyekundu kama sigara. Fundi akatikisa kichwa, akafungua boneti.

Magadi na betri ya dagaa

Kichwa cha chanya kilikuwa kimevimba kwa unga mweupe wenye ukijani, kama chumvi iliyoachwa kwenye bati. Unga huo haupitishi umeme vizuri. Stata ya injini ya dizeli kama yangu hunyonya ampea 200 na zaidi kwa mara moja, na umeme wa kiasi hicho haukubali kupita kwenye mlango mwembamba. Taa na redio vinatumia umeme kidogo, ndiyo maana vilikuwa vinafanya kazi na kunidanganya kwamba betri iko salama.

Mama mkwe alileta magadi kutoka jikoni na maji ya moto. Fundi alifungua hasi kwanza, halafu chanya. Mpangilio huo una maana: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Akamwagia maji ya magadi, unga ukachemka kwa povu na kuyeyuka, akasugua vichwa kwa brashi ya waya mpaka risasi ikang'aa. Kisha akafuata waya mnene wa hasi mpaka unapofungwa kwenye injini, mahali ambapo wengi hatutazami kamwe. Nati ilikuwa imelegea na imejaa vumbi lililochanganyika na oili. Akaikwangua, akakaza. Baadaye alipaka mafuta ya mgando juu ya vichwa ili hewa isivishike tena.

Ndipo akaitoa mita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu, 12.2, nusu, 12.0, robo hivi. Yangu ilisoma 12.1. "Sasa piga stata," akasema. Wakati stata inazunguka, betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Yangu ilianguka mpaka 8. Gari likiwaka, alteneta inatakiwa kutoa kati ya volti 13.8 na 14.5, isipotoa, hata betri mpya itakufa ndani ya siku chache na wewe utalaumu duka.

"Shemeji, hii betri imefanya kazi gani nyingine?"

Hapo nikaona aibu. Usiku wa jana yake tulikuwa tumeiunganisha kuwasha taa ya uani na kuchaji simu za wageni mpaka saa 6 usiku. Na haikuwa mara ya kwanza. Vijijini kwetu betri ya gari ina ajira nyingi: leo inawasha luninga ya mechi, kesho inakaa kwenye mtumbwi kuwasha taa za dagaa usiku usio na mwezi. Betri ya kuwashia gari haikuumbwa kwa hayo. Mabamba yake ni membamba na mengi ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, halafu alteneta iirudishie. Ukiikamua mpaka chini, mabamba yanashika ukoko mgumu wa salfeti, na kila ukamuaji mmoja unaipunguzia maisha. Betri ya sola imetengenezwa kukamuliwa taratibu usiku kucha. Zinafanana kwa umbo tu.

Jambo jingine la kuonya: betri yenye vizibo ikipungua maji, huongezwa maji safi ya betri, yale yasiyo na chumvi. Haiongezwi tindikali, kwa sababu kilichokauka ni maji na tindikali imebaki ndani. Kuongeza tindikali huipa betri nguvu ya uongo kwa wiki chache na kuozesha mabamba haraka zaidi.

Dizeli haina plagi

Vichwa vikiwa safi, tukaazima betri ya mchomoko wa jirani, Probox ya kubebea abiria, tukabusti. Stata ikazunguka vizuri sana. Injini haikushika. Nikataka kuizungusha zaidi; fundi akanishika mkono. Sekunde 10 zinatosha, kisha iache stata ipumzike dakika moja, la sivyo utaiunguza.

"Angalia nyuma," akasema.

Kwenye bomba la moshi kulikuwa kunatoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Moshi huo ulikuwa habari njema. Ulisema kwamba mafuta yanafika ndani ya injini, ila hayaungui.

Kuelewa hapo kunahitaji kukumbuka tofauti ya dizeli na petroli. Injini ya petroli ina plagi zinazopiga cheche. Injini ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897 haina cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda, kwenye 3L mpaka karibu sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa mwanzo, ikapata joto la nyuzi 500 na zaidi, kisha dizeli hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Lakini katika injini za zamani kama 2L, 3L na 1HZ ya Land Cruiser, mafuta hupulizwa kwanza kwenye kijumba kidogo pembeni, na kuta za kijumba hicho zikiwa za baridi hunywa joto la hewa kabla halijafanya kazi. Ndiyo maana kila silinda ilipewa hita, kifimbo kidogo cha chuma ambacho ncha yake huiva mpaka nyuzi 800 na kuendelea.

Hita zikiwa nzima, nyuzi 15 hazina habari. Zikifa mbili kati ya nne, na ringi za injini zimelika kwa miaka 28 ya kazi kiasi kwamba hewa haibanwi sawasawa, hapo alfajiri ya Busega inaanza kufanana na ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mchana gari linawaka bila hita yoyote, kwa sababu kuta za kijumba zina joto lake. Kwa hiyo hita zangu huenda zilikufa mwaka mzima uliopita, nami sikujua.

"Lakini taa ya hita inawaka na kuzima vizuri," nikajitetea. Ile taa ya manjano yenye umbo la springi.

Fundi akacheka. Taa hiyo kwenye magari mengi ya zamani ni saa tu. Inahesabu sekunde kisha inazima, hita ziwe hai au zimekufa. Kinachosema kweli ni kipimo. Akafungua bamba linaloziunganisha hita zote, akachukua taa yake ndogo ya kupimia, akaunga ncha moja kwenye chanya na kugusa hita moja moja. Ya kwanza taa iliwaka. Ya pili haikuwaka. Ya tatu haikuwaka. Ya nne iliwaka. Mwenye mita hupima ukinzani: hita nzima husoma chini ya omu 1 au karibu na hapo, iliyokufa haisomi kitu. Unapokwenda dukani, beba ile ya zamani, kwa sababu zipo hita za volti 12 na zipo za volti ndogo zaidi. Ukifunga isiyo yake, inaungua siku hiyo hiyo au haipati moto wa kutosha.

Na kama bomba la moshi lingekuwa halitoi chochote? Hapo mafuta hayafiki. Mara nyingi hewa imeingia kwenye njia ya mafuta: mpira umepasuka, kibano kimelegea, sili ya kichujio imekauka. Usiku kucha dizeli hurudi taratibu kwenye tangi na asubuhi pampu inanyonya hewa. Kuna ushahidi wa bure. Ukiegesha pua ikitazama mlimani asubuhi linasumbua, ukiegesha pua ikitazama bondeni linawaka. Hiyo ni hewa. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio mpaka iwe ngumu, kisha washa. Isipokuwa ngumu, tafuta panapovuja. Kichujio chenyewe kifungulie chini kimwage maji, na usisahau mafuta yaliyochakachuliwa. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara haina wa kuisemea.

Kwa wenye petroli

Corolla, Noah na Probox zina kesi yake, fupi zaidi. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo injini ya baridi huhitaji mchanganyiko wenye mafuta mengi kuliko kawaida. Kwenye kabureta kazi hiyo ni ya choki. Ikikwama wazi, asubuhi inakuwa mateso. Kwenye magari ya kompyuta kuna sensa ndogo inayopima joto la maji ya injini. Ikiharibika na kuiambia kompyuta kwamba injini ina moto, kompyuta inabania mafuta, na gari linalowaka vizuri mchana linagoma alfajiri. Watu wamebadilisha pampu na plagi zote wakati mkosaji ni sensa hiyo.

Ukisikia harufu kali ya petroli, umeijaza. Kanyaga mafuta mpaka chini, upige stata sekunde chache bila kupampu; hewa inaingia na kukausha. Na kwa tuliolala karibu na ziwa, umande hupenya kwenye kofia ya distribyuta ya gari la zamani, moto ukavujia pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Fungua kofia, pangusa kwa kitambaa kikavu ndani na nje pamoja na nyaya zake, rudisha. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba yote.

Kusukuma na kubusti

Kabla ya kufika kwenye Probox, jirani mmoja alikuwa amejitolea kwa moyo mweupe kutubusti kwa Fuso lake la kubebea pamba. Fundi alikataa kwa heshima. Fuso na malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Gari dogo ni la volti 12. Ukiunga hivyo hivyo unaweza kuunguza alteneta, rilei, redio na kompyuta ya gari, na betri inaweza kupasuka usoni mwako. Hata Land Cruiser nyingine za zamani ni za volti 24. Soma volti kwanza.

Mpangilio wa kubusti ni huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri mbovu, kisha chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ikitokea juu yake ni mlipuko.

Kusukuma kunawezekana kwa gari la gia za mkono tu. Washa swichi, tia gia ya pili, kanyaga klachi, watoto wasukume, likishika mwendo achia klachi. La otomatiki halisukumwi. Na hata la mkono, betri ikiwa imekufa kabisa kusukuma hakusaidii sana: pampu ya dizeli inahitaji umeme kufungua vali yake ya mafuta, na alteneta inahitaji umeme kidogo ili ianze kuzalisha. Wazee walikuwa na hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele, ambacho Land Rover za zamani zilikuja nacho. Stata ya umeme ilianza kuwekwa na Cadillac mwaka 1912, na sababu moja ni kwamba hendeli ilikuwa inavunja mikono: injini ikirudi nyuma, chuma kinageuka na mtu. Aliyefundishwa vizuri alikishika dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili kikirudi kichomoke.

Yapo mawili ya kuacha kabisa. Usipulize spreya ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya dizeli yenye hita, kwa sababu hita huilipua kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Na usikoke moto chini ya injini kuipasha joto. Oili iliyovuja miaka yote imeganda hapo chini ikisubiri kiberiti.

Mizani

Fundi aliibana pampu ya mkono, akaniambia niwashe hita mara tatu mfululizo kabla ya kupiga stata, ili zile mbili zilizo hai zifanye kazi ya nne. Pikapu ikakohoa, ikatikisika mwili mzima, ikatoa wingu jeupe lililowafukuza kuku, ikashika. Ilikuwa inakaribia saa 3.

Foleni ya mizani ilikuwa imeshajaa. Tukasubiri. Kwa miaka mingi mkulima wa pamba huku amekuwa akipokea mbegu na dawa kwa mkopo wakati wa kilimo, na makato yakafanyika siku ya kupima. Mzee alisomewa kilo zake, akasomewa makato yake, akatia saini bila kubishana. "Dawa ya deni ni kulipa," akasema, akakunja karatasi.

Nikamwelewa kuliko alivyokusudia. Kichwa cha betri nilichokiona kikivimba tangu Februari, nati ya hasi, hita, usiku wa kuchaji simu: vyote nilivichukua kwa mkopo msimu wa joto, nikidhani hakuna anayeandika.

Mchana ule tulipita Lamadi kwenye duka la spea. Nilinunua hita nne, maana mbili zilizobaki zina umri sawa na zilizokufa, pamoja na betri mpya. Ile ya zamani niliirudisha dukani badala ya kuitupa, kwa sababu risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto. Fundi alifunga kila kitu jioni ile ile, akapaka mafuta ya mgando, akaenda zake kwa baiskeli.

Kesho yake saa 12 kasorobo umande ulikuwa umetanda kwenye kioo kama jana yake, na upepo wa ziwa ulipita ndani ya sweta langu vile vile. Nikaingiza ufunguo, nikasubiri taa ya springi izime, nikazungusha. Injini ikashika kabla stata haijamaliza mzunguko wa pili.

Mzee alikuwa amesimama pale pale, mikono ndani ya koti. Akaitazama pikapu, akatazama anga.

"Naona leo hakuna baridi," akasema.